Salamu za Wateja wa Chai

Kila asubuhi, saa mbili na nusu, Lalla Zhor alivua viatu chini ya meza, akaweka kipande cha mkate kando ya simu, akaanza kupokea oda za chai. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, ghorofa ya nne, katika kampuni ya Si Mfaddal (Si kwao ni Bwana, kama Lalla ni Bibi), iliyo kwenye barabara inayoshuka bandarini Casablanca. Wateja wake walikuwa wenye maduka madogo ya Oujda, Tiznit, Tafraout, kote huko ambako mtu hunywa chai mara tano kwa siku na bado akaambiwa hajanywa kitu.

Simu moja, ya Haji Bihi wa Tafraout, ilikuwa hivi.

"Asalaam alaykum, Lalla Zhor! Hujambo?"

"Wa alaykum salaam, Haji Bihi. Sijambo, alhamdulillahi. Watoto?"

"Wazima. Goti lako?"

"Asubuhi linanitukana, mchana tunapatana. Mgongo wako?"

"Aa, tumeshazoeana."

Wakimaliza magoti na migongo walihamia kwa mama, kwa shangazi, kwa mvua, kwa mavuno ya lozi. Oda yenyewe, makasha mawili, ilisemwa mwisho kabisa, kama mtu aliyesahau kofia akarudi kuichukua.

Meza ya pili alikaa Ghizlane, saa mkononi, akipima. Aliajiriwa kwa miezi sita aandike mkakati wa akili mnemba wa kampuni: kazi ipi ipewe mashine, kazi ipi ibaki kwa watu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kwao ni Oujda, na chumba alichopanga mtaa wa Maarif kilikuwa na kikombe kimoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuja akahitaji cha pili. Katika siku nzima, mtu pekee aliyemuuliza habari zake alikuwa Lalla Zhor. "Umelala vizuri, binti yangu? Mbona uso umekonda? Wanakulisha karatasi huko?" Kisha alimmegea mkate. Ghizlane aliungoja mkate huo tangu alipofumbua macho. Jumamosi na Jumapili alizichukia.

Vipimo vikatoka. Simu moja ilikula dakika kumi na moja, na katika hizo oda ilichukua sekunde arobaini. Zilizobaki zote ni salamu. Si Mfaddal alisoma, akapiga meza kofi.

"Dakika kumi za magoti! Mimi nauza chai au nimefungua hospitali?"

"Ndiyo desturi yetu, Si Mfaddal."

"Desturi naipenda sana. Ila nyumbani kwangu."

Lalla Zhor alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu kwa pensheni kamili. Ghizlane alilijua hilo. Alijua pia kwamba sentensi moja ingetosha kumwokoa: mpokea simu abaki hadi muda wake utimie. Aliiandika kwenye ukurasa wa kumi na tisa wa mkakati. Akaisoma mara mbili. Kisha akaufikiria mkataba wake mwenyewe uliokuwa unakaribia kuisha, akaifuta. Hakuna aliyemshika mkono. Tusimsingizie Si Mfaddal kwa hilo. Ana dhambi zake za kumtosha.

Mashine iliwekwa mwezi Machi. Ghizlane aliifundisha kuruka kila neno mpaka ifike kwenye oda. Siku ya mwisho Lalla Zhor alivaa viatu, akakunja kitambaa cha mkate, akamtazama.

"Uliyeandika ni wewe?"

"Ndiyo, Lalla."

"Haya. Kumbe nilikuwa nakulisha upate nguvu za kuandika."

Siku ya tatu salamu zikaanza kufika. Salamu ikishatoka kinywani haina pa kurudi mpaka iitikiwe, hilo kila mtu analijua, na mashine ilikuwa haiitikii. Za mjini zilikuja siku hiyohiyo kwa miguu. Za Oujda zilikuja na treni ya asubuhi. Ya Haji Bihi ilichukua siku mbili, ikafika na vumbi la milimani na harufu ya lozi, ikasimama mbele ya meza ya Lalla Zhor ikingoja. Hazikuonekana kwa macho, lakini zilipokalia kiti kilibonyea, na madirisha yakafanya ukungu. Kufikia mwisho wa mwezi lifti iligoma kwa uzito. Mhasibu akawa anapanda kwa ngazi, na kila kidato anasema samahani, samahani, kwa sababu na huko zilikuwa zimejaa.

"Si uziitikie basi?" Si Mfaddal alimwambia Ghizlane. "Mdomo unao."

Ghizlane alijaribu kutwa nzima. Wa alaykum salaam, sijambo, watoto wazima. Salamu zilimsikiliza kwa adabu, zikabaki palepale. Hazikuwa zake. Zilitaka habari za goti, na goti lilikuwa mtaa wa Hay Mohammadi, nyumbani kwa dada yake Lalla Zhor. Alipofika chumbani kwake Ghizlane alikumbuka kwamba amejibu salamu mia nne na hakuna hata moja iliyomuuliza yeye. Akalia kidogo, akaosha kikombe.

Dawa aliipata Bouazza, dereva wa lori la chai, mtu asiye na maneno mengi. "Alhamisi napita Hay Mohammadi," alisema. "Nizipakie?"

Zikapakiwa. Lori likadidimia mpaka likawa linakwaruza lami. Lalla Zhor alifungua mlango, akazikuta zimepanga foleni hadi kwenye duka la maziwa, akasema, "Masikini, mmechoka, karibuni." Akaketi kizingitini, akaziitikia moja moja mpaka adhana ya alasiri. Kila iliyojibiwa iliondoka na jibu lake kwenda kwa mwenyewe. Huko Tafraout Haji Bihi akasikia, dukani kwake, kwamba goti bado linatukana. Akafurahi, akaagiza makasha matatu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Si Mfaddal. "Mashine inachukua oda, Lalla Zhor anaitikia salamu, na halipwi mtu! Huo ndio mkakati. Uingize."

"Tumlipe japo kidogo, Si Mfaddal. Anafanya kazi ileile."

"Kazi? Tangu lini kuitikia salamu ikawa kazi? Huo ni wajibu wake kwa Mungu. Mimi ni nani niingie kati ya mtu na Mola wake?"

Ghizlane akauingiza, ukurasa wa ishirini. Mkataba wake ukaongezwa miaka miwili.

Alhamisi moja, joto limeanza, alishuka uani lori likipakiwa salamu za wiki hiyo. Akasimama nyuma ya lori, akatoa salamu yake mwenyewe. "Asalaam alaykum, Lalla Zhor. Umelala vizuri? Goti je? Dada yako hajambo? Ni mimi, Ghizlane. Nimekukumbuka." Salamu ikatoka, ikapanda lori, ikajibana kati ya wenzake. Bouazza akafunga mlango.

Jibu lilifika Ijumaa mchana, watu wote wakiwa wamekwenda kula kuskusi. Ghizlane alilisikia likipanda ngazi. Akavuta kiti, akakipangusa vumbi, akakiweka karibu na chake.

"Wa alaykum salaam," likasema, kwa sauti ya Lalla Zhor.

Ghizlane akangoja liendelee. Likawa limeishia hapo, na kiti hakikubonyea.

Alhamisi iliyofuata alishuka tena uani, na iliyofuata pia. Mpaka leo hajaacha. Na kila Ijumaa, mchana, bila kukosa hata mara moja, hupata jibu lake lilelile.