Mke Mmoja Tu

Asubuhi ile nilifagia chumba chetu cha Kaloleni mara mbili, na bado mikono iliniwasha kutafuta kazi nyingine. Walter, mume wangu, alikuwa anafunga kamba za viatu. Siku hiyo alitakiwa kumpeleka kwa karani wa karakana ya malori, alikokuwa dereva, mke atakayetibiwa na daktari wa kampuni. Karani alitaka kumwona kwa macho yake, maana madereva wengine walikuwa wameshapeleka dada zao wakidai ni wake zao. Mke mmoja tu, na Walter alikuwa nao wawili.

Mimi ndiye wa ndoa ya kanisani. Perez alikuwa mke wa marehemu Obura, kaka yake Walter. Obura alipofariki, wazee wakamkabidhi Walter mjane, kwa desturi yetu Wajaluo. Mimi sikuulizwa. Sasa Perez alikuwa amekuja Nairobi na kikohozi cha kumfanya ashike ukuta.

"Wewe una daktari wa kiwanda chenu cha biskuti," Walter akaniambia. "Perez hana chochote. Nitampeleka yeye."

Alisema haki, na ndiyo iliyonipandisha hasira. Hakujua kwamba nina mimba. Kwetu mimba haitangazwi kabla haijajionyesha yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshapoteza mbili, basi hii nikaifunga kwa leso chini ya aproni. Kiwandani wakiona tumbo wanakufukuza siku hiyohiyo. Kazi ikienda, daktari naye amekwenda.

Nilitoka nje, nikarudi. Nikatoka tena, nikaanua nguo ambazo hata hazijakauka. Nilimchukia Perez, nasema kweli, na niliogopa kufungua mdomo nisije nikaipoteza na hii.

Walter alipochukua kofia, Perez akainuka mkekani. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mume.

"Shemeji, mpeleke Aoko," akasema, akininyoshea kidole.

"Aoko ana nini? Mbona ni mzima!"

"Mimi nimezaa wanne. Mtazame anavyoinua ndoo."

Walter akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli. Na ukiendelea kunitazama hivyo nitakupiga kwa ufagio huu."

Akakaa kitini, akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akasema twende.

Perez alikataa nibebe kikapu changu. Alikibeba yeye mpaka karakana, akisimama kila mara kupumua, nami nikitembea mbele kwa sababu sikuweza kumtazama. Walter alikuwa ametangulia ndani kwa karani; langoni askari akatupima kwa macho.

"Mke wa Walter ni yupi kati yenu?"

Nilijua jibu, lakini nikainamia viatu vyangu.

"Ni huyu," Perez akasema, kisha akageuka kando kukohoa. "Mimi nimemsindikiza tu."

Akanipa kikapu changu. Askari akafungua lango, nikaingia.