Betri ya Mzee Yasini

Minara ya simu ilizimika mvua kubwa ilipoanza, tukabaki na redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe ukiongea. Tuko wachache, watu wa kujitolea: mimi niko Nachingwea, Mzee Yasini yuko kijiji cha Chinongwe, katikati yetu, na Fahadi, mume wa binti yangu Zuhra, yuko kule Mbekenyera. Mimi na Fahadi hatusikiani, vilima vinazuia. Kila neno letu linapita kwa Mzee Yasini.

Mazoezi tulifanya kiangazi, jua likiwaka, kila mtu kwake na kikombe cha chai. Hakuna aliyejiuliza betri ya mzee, inayochajiwa na sola, itakuwaje mawingu yakikaa wiki nzima.

Mchana mmoja redio ikakoroma. Nikamsikia mzee peke yake.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Kimya. Hapo Fahadi anajibu, mimi simpati.

"Alhamdulillahi. Na baba yako, mguu umepoa?"

Kimya.

"Na mikorosho, upepo haukuiangusha?"

Fahadi hawezi kumkatiza mzee, hakulelewa hivyo. Na mzee akishabonyeza kitufe, hata nikipiga kelele hanisikii. Nilikaa nimeshika kipaza sauti. Zuhra ana mimba ya miezi minane, na Fahadi hana kawaida ya kuita mchana.

"Subhanallah!" mzee akasema ghafla. "Mama Zuhra, unanipata? Mtoto wako anavuja damu tangu alfajiri. Fahadi anasema leta gari, ila njia moja imekatika, msipite..."

Sauti ikawa nyembamba, ikafa.

Nikaita. Nikaita tena. Mvumo mtupu. Betri ilikuwa imeishia kwenye mguu na mikorosho.

Nikakimbia kwa jirani yangu Kaimu, mwenye gari.

"Tupite wapi, Mama Zuhra? Ruangwa mjini au mashambani?"

"Sijui. Washa."

"Tukikosea maji yanatubeba."

"Nimesema washa! Hotuba utanipa tukifika."

Niliing'oa redio mezani pamoja na antena yake, nikaifunga kwenye betri ya gari. Kama vilima ndivyo vinavyozuia, basi tupande kilima. Jambo hilo tungelijaribu kiangazi. Hatukulijaribu.

Njia panda iko juu ya mwinuko. Kaimu akasimamisha gari. Huko chini hakuonekani barabara wala shamba, mvua tu. Nikatoa antena dirishani.

"Mbekenyera, Mbekenyera! Fahadi, unanipata? Ova."

Mkoromo. Kisha sauti ya mbali, kama ya mtu aliye ndani ya kisima:

"Mama mkwe, shikamoo..."

"Acha shikamoo yako! Njia ipi imekatika? Ova!"

"Ya mjini, mama. Daraja limeondoka na maji. Piteni mashambani. Ova."

Kaimu alishakata usukani. Tulikuwa tumeelekeza pua ya gari mjini.

"Na Zuhra?" nikauliza. "Anaongea? Ova."

Nilisikia kitufe kikibonyezwa, kikaachiwa, kikabonyezwa tena. Nyuma yake mwanamke alikuwa analia, au anaita mtu, sikuweza kujua.

"Fahadi! Nimekuuliza Zuhra anaendeleaje. Ova!"

Akavuta pumzi. Niliisikia vizuri, kuliko maneno yake yote.

"Shikamoo, mama," akasema.

Jibu la swali langu lilikuwa limemshinda kutamka. Nikaweka kipaza sauti mapajani.

"Endesha, Kaimu. Endesha."