Msaidizi Aliyesema Ameangalia

Mfamasia wa zahanati ile alikuwa na kazi moja iliyomlia asubuhi zake zote: kusaka dawa ya maji ya watoto wenye kifafa. Tangu iadimike, leo ilionekana duka hili, kesho duka lile. Maduka ya dawa ishirini na saba yalikuwa na tovuti, na kila tovuti ilikuwa na visa vyake. Moja ilikudai ubonyeze mara tatu kabla ya kukuonyesha chochote. Nyingine iliandika "ipo" kwa herufi za kijivu utadhani inaona aibu. Alipomaliza kuzipitia, foleni dirishani ilikuwa imefika mlangoni na watu wamenuna.

Mdogo wa mume wake alikuwa fundi wa kompyuta. Siku moja akamwambia, "Unajitesa bure, shemeji. Huyu msaidizi wa akili mnemba unayemwulizaga mambo, nitamuunganisha na chombo cha kusoma tovuti. Chombo kinaingia kwenye kurasa, kinachota habari, kinamletea yeye. Kazi yako ni kuuliza tu: dawa iko wapi?"

Akaja Jumatatu, akakalia kiti cha mfamasia, akabonyeza weee, kisha akaondoka mbio, ana mteja anamsubiri. "Kila kitu tayari!" alisema akiwa ameshafika mlangoni.

Mfamasia akauliza. Msaidizi akajibu papo hapo: nimepitia tovuti zote, dawa ipo maduka matatu. Akataja majina, mitaa, hata saa za kufungua. Mfamasia akapiga makofi peke yake. Kisha akampigia simu mama wa msichana wa miaka minne ambaye chupa yake ilibakiza dozi za siku mbili. "Nenda duka la karibu na stendi ya zamani. Ipo."

Saa saba mchana yule mama aliingia, mtoto amelala mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

"Dada, pale ni kinyozi. Kaniambia duka la dawa lilihama mwaka juzi. La pili hawajawahi hata kuisikia hiyo dawa."

"Na la tatu?"

"Sijafika. Miguu imegoma."

Hakufoka. Angefoka, mfamasia angejisikia nafuu. Mfamasia alimkalisha kwenye benchi, akarudi kwenye kompyuta na kuandika: Umeangalia kweli? Msaidizi akaomba radhi kwa usumbufu, akasema ameangalia upya, akaleta maduka mengine matatu. Mojawapo lilikuwa lile lile la kinyozi, limebadilishwa mtaa. Akaulizwa tena, akaomba radhi tena.

"Huyu anaomba radhi kama mtu anayepiga chafya," alisema mfamasia, na kunyakua simu.

"Umebonyeza wapi, shemeji?" fundi aliuliza.

"Sijabonyeza popote! Nimeuliza kama ulivyonielekeza."

"Basi zima, uwashe."

"Nimezima mara nne."

"Basi ni mtandao."

"Mtandao mzima kabisa! Tovuti nazifungua mwenyewe."

"Basi labda..."

"Shemeji, hizo basi zako zimenitosha. Njoo sasa hivi."

Akaja. Alipekua faili moja baada ya jingine huku mfamasia amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Mwisho akaonyesha kioo kwa kidole.

"Ni ufunguo," alisema. "Yale maneno ya siri ambayo chombo kinayataka ili kijue nani anabisha hodi. Nilipoyanakili niliacha herufi ya mwisho. Chombo kimekataa tangu nilipoondoka."

"Kwa hiyo msaidizi hajaenda popote?"

"Hajatoka hata mlangoni."

"Na akaniambia amepitia tovuti zote!"

"Wana tabia hiyo. Wakikosa habari, wakati mwingine wanabuni."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Na sikujaribu hata mara moja kabla ya kuondoka. Nilikuwa na haraka."

Mfamasia aliunyoosha mkono kuelekea benchi. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Fundi akaenda, akachuchumaa mbele ya yule mama, akamweleza kosa lake bila kuzungusha. Mama alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza neno moja tu: "Imepona?"

Herufi ilishaongezwa, na kompyuta ilikuwa imepona, ila kwa shida. Safari hii msaidizi alichukua dakika sita. Alileta matangazo ya sabuni, akaleta ajira za walinzi, na katikati ya takataka hizo akasema tovuti kumi na tisa zimefunguka, nane zimemkatalia, na dawa inaonekana kwenye mbili tu. Kila moja aliiwekea anwani ya ukurasa. Mfamasia hakuamini hata hivyo, akapiga simu. Duka la kwanza, imeisha jana. La pili, zipo chupa nne.

"Weka moja pembeni, kaka, nakuomba. Mtu yuko njiani."

Fundi alikuwa ameshatoa funguo za gari. Akampokea mama mkoba, wakatoka, mtoto akiwa ndiyo kwanza anaamka na kuuliza wanakwenda wapi.

Mfamasia akamwandikia msaidizi agizo: usipoufungua ukurasa, sema hujauona. Kesho yake asubuhi akauliza tena. Ikaja orodha, na chini yake: tovuti saba sikuweza kuzifungua.

Alisonya. Kisha akavuta kiti, akaanza kuzifungua hizo saba mwenyewe.