Matumbawe Yaliyofika Kebirigo

Agosti 1974 nilikuja likizo nyumbani Kebirigo, mbali na bahari, pamoja na Obwocha, mtoto wa mama mkubwa, ambaye nilimtafutia kazi nilikoajiriwa pwani, kwenye shamba la baharini. Kazi yetu ilikuwa kupanda matumbawe, yale mawe hai ya baharini. Tulikata matawi yaliyo hai, tukayafunga kwa waya kwenye vibao vya saruji chini ya maji, kila moja na kibati chenye namba. Mengine yangerudishwa kwenye miamba iliyovunjwa. Mengine yangeuzwa kwa Wazungu wanaofuga samaki ndani ya vioo, ili waache kuvunja ya baharini.

Niliiamini kazi hii kwa moyo wote, ila sikuweza kupiga mbizi. Obwocha alizamia akahesabu, mimi nikaandika. Kila mwezi niliandika: arobaini, yote hai. Septemba mkuu wetu angekuja kuamua kama shamba liendelee au lifungwe.

Sebuleni kwa mama yangu, Gesare, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, lilikaa tumbawe jeupe pe.

"Umeona ua langu?" Mama aliuliza. "Obwocha aliniletea mwezi wa tano. Halinyauki! Wenzangu wa kanisa wanakuja kulitazama."

Nililigeuza. Chini palikuwa na waya, na kibati: 12.

"Obwocha, umelivunja shambani?"

Aliweka kikombe chini. "Nivunje, mimi? Lilikufa, ndugu yangu. Mvua za Aprili zilileta tope la mto. Yakawa meupe, moja baada ya jingine. Na kila nikiibuka nakukuta umesimama na kalamu, unatabasamu kama bwana harusi. Ningekuambia nini?"

"Yamebaki mangapi?"

"Tisa."

Mama alishika kifua. "Kumbe lilikuwa na uhai? Na mimi nalisugua kwa sabuni!"

"Mengine yako wapi?"

"Kwa Nyanchera, kwa mwalimu Momanyi, kwa kila jirani. Niliona vibaya kuyatupa." Obwocha alisogea karibu. "Andika arobaini mara hii tu. Nitapanda mengine tukirudi. Mkuu wako mwenyewe hazamii."

Nakiri kwamba nilitamani kukubali. Ningeandika tisa, shamba lingefungwa, na jina langu lingechafuka.

"Kitalu changu cha chai kilipokufa," Mama akasema, "sikuing'oa miche mpaka bwana shamba alipokuja. Akaona iliyokufa ni ya upande wa chini tu, ambako maji yalikuwa yakituama. Ningeing'oa kuficha aibu, ningepanda palepale tena."

Nilitazama kile kibati. "Kumi na mbili ilikuwa safu gani?"

"Ya pili, upande wa mto," Obwocha alisema taratibu. "Yaliyobaki yote ni ya safu ya nne. Huko tope halikufika."

Huenda mkuu angesikiliza. Huenda angelifunga shamba tu. Nilichukua kikapu, tukusanye yaliyokufa pamoja na vibati vyake tumwonyeshe. Mama aliweka lake kwanza, akalifunika kwa kitambaa chake, halafu akageuka dirishani.

Obwocha alinifuata nyuma hadi kwa Nyanchera. Yule dada alitoka akijifuta mikono, akaona kikapu, akacheka kwa furaha.

"Mmeniletea jingine?"

Obwocha aliinamisha kichwa.

"Hapana, dada," nilisema. "Tumekuja kuomba lile ulilonalo."