Ukimya Uliopigiwa Makofi

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika mama yake, Burul alipigiwa makofi kanisani.

Kanisa lenyewe lilikuwa sebule ya mchungaji Talaybek, nyuma ya soko la mifugo. Viti vilikuwa kumi na viwili, na jiko la makaa ya mawe lilitoa moshi kila upepo ulipogeuka. Talaybek alisimama kando ya jiko hilo, mkono mmoja begani kwa Burul.

"Nimeona mwenyewe, ndugu zangu," alisema. "Ukoo mzima ulimzingira dada yetu. Walimtukana na kumsukuma, wakamtaka alie jinsi walivyolia mababu. Hakufungua kinywa! Jaribu limekuja, naye amesimama."

Makofi yakalia. Ajuza mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Burul alivitazama vidole vyake vilivyojaa alama za sindano za kiwandani, akatamani mbao za sakafu zifunguke zimmeze. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyelijua. Ukimya wake haukuwa wa imani. Alinyamaza kwa sababu Talaybek na mkewe walikuwa wameketi karibu na mlango wa hema la msiba, wakimtazama.

Kwetu milimani, mtu akifa, hema la sufu husimamishwa uani na maiti hulazwa humo nyuma ya pazia. Wanaume hubaki nje wakiegemea fimbo na kulia kwa sauti kila mgeni anapoingia. Wanawake huketi ndani, nyuso ukutani, migongo kwa wageni, wakiimba koshok. Koshok ni kilio chenye mizani. Humtaja marehemu alivyokuwa: alivyotembea na alivyocheka, alichompikia nani na aligombana na nani. Binti ndiye huanza. Mwanamke aliyezaa wavulana watupu huhurumiwa angali mzima, kwa kuwa siku yake ikifika hatakuwa na wa kumwanzia.

Na mama yake Burul, Uulkan, hakuwa mlizi wa kawaida. Alikuwa fundi. Watu walivuka mto kuja kumwomba awalilie wafu wao. Burul alijifunza kwake tangu akiwa na miaka sita, wakikamua farasi kule malishoni. Mama alitupa mstari, binti akajibu, na akivunja mizani alirushiwa maziwa usoni.

"Hesabu!" mama alifoka. "Marehemu hawezi kukurekebisha. Ukimkosea, amekosewa milele."

Burul alipomwamini Isa, ndivyo tumwitavyo Yesu, mamake hakusema naye majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka alimshonea blanketi, akampelekea mjini mwenyewe, akaliacha mlangoni bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusamehe. Miaka minne baadaye figo zilipomshinda, alimwita Burul kando ya kitanda.

"Utaniimbia, sivyo?"

"Apa, usiseme hivyo. Utapona."

"Sijakuuliza kama nitapona. Nimekuuliza kama utaniimbia."

"Nitakuimbia, Apa."

"Na usiniite malaika. Taja na ukali wangu. Taja nilivyomfukuza yule mchungaji wako kwa fimbo ya kusukia maziwa. Watu watacheka, na mimi nitasikia."

Burul alicheka. Aliahidi mara ya pili.

Kisha, usiku wa kuamkia maziko, Talaybek alimwita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hapo ndipo penye ugumu wa mtu yule: hakuwahi kukemea. Alipozungumza, pengo la meno mawili ya mbele lilionekana, na kila mtu kanisani alijua alivyoyapoteza kwa ajili ya Bwana.

"Koshok ni ya watu wasio na tumaini, dada," alisema. "Tena ndani yake mna kuita mizimu. Wewe unalo tumaini. Kesho watakujaribu. Simama."

Utambishia nini mtu aliyetoa meno yake? Burul akasema amina.

Kesho yake aliketi hemani katika gauni la bluu la msiba, mahali pa binti, wa kwanza kutoka kwa maiti. Vilio vya wanaume vilipanda nje. Mama yake mdogo, Zuura, akamgusa goti.

"Anza, mwanangu."

Burul alikaa kimya.

"Anza, watu wako mlangoni."

Mstari ulikuwa tayari. Ulikuwa umekaa chini ya ulimi, mzima, silabi zake nane zimetimia. Kaka yake Kubat alichungulia, macho mekundu. "Dada, nakuomba. Mstari mmoja tu. Wakwe wamefika kutoka Naryn, wanasikiliza." Burul alifungua kinywa. Pembeni ya jicho akamwona mke wa Talaybek akitikisa kichwa kidogo sana, jinsi mama anavyomkanya mtoto mbele ya wageni. Burul akafunga kinywa.

"Huyo Isa wako amekumeza ulimi?" Zuura alisema, bila kunong'ona tena. "Farasi wetu mwekundu alipokufa ulilia siku tatu! Siku tatu, mtoto wewe, kwa farasi!"

Zuura akageukia ukutani, akaanza mwenyewe kwa sauti yake mbovu iliyokwaruzwa na tumbaku. Akasahau mistari, akairudia, na Uulkan, fundi wa mabonde mawili, akaondoka duniani kwa koshok ya kuungaunga kana kwamba hakuzaa msichana.

Baada ya makofi yale, Burul hakuweza kuomba. Alijaribu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Bwana," na neno la pili halikuja. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Wiki ya pili alielewa kwamba kinywa ni kimoja. Alikifunga kumwelekea mama yake, na sasa hakikufunguka kwa yeyote.

Kiwandani alishona makola. Makola mia moja kwa siku, mashine ikinguruma, na chini ya ngurumo hiyo ule mstari ulirudi ukidai kutoka. Aliubana. Ukarudi. Usiku hakumwota mama yake akimlaumu. Ingekuwa nafuu. Alimwota amekaa kimya, kichwa kimeinama upande, akisubiri kama mtu aliyeambiwa wimbo unaanza sasa hivi.

Na kanisani sifa ziliongezeka. Talaybek alimtaja katika mahubiri mara ya pili, halafu ya tatu. Kisha wiki ya tano Aichurok, aliyeshona mikono ya mashati meza ya pili na kusali nao tangu kiangazi, alimkaribia kiwandani wakati wa chai.

"Eje," alisema, maana Burul alikuwa mkubwa kwake, "bibi yangu ameacha kula. Ndiye aliyenilea. Nyumbani washaanza kuniambia niandae koshok."

"Na wewe?"

"Nimewaambia nitanyamaza kama eje Burul." Alijaribu kutabasamu. "Ulipataje nguvu? Maana mimi nikimwangalia tu nahisi koo linapasuka. Wewe hukusikia kitu?"

Burul alishika kikombe kwa mikono miwili. Hapo palikuwa pa kusema ukweli, na alijua. "Bwana hutia nguvu," alisema.

Aichurok alishukuru, akarudi kwenye meza yake. Burul alikwenda msalani akatapika chai yote.

Arobaini ya Uulkan iliangukia siku ya baridi kali. Burul hakumwambia mtu kanisani kwamba anakwenda. Alifika kijijini asubuhi na kukuta farasi keshachinjwa na maandazi yakikaangwa uani. Wanawake walikuwa wameshaketi chumba kikubwa, nyuso ukutani. Mahali pa binti alikuwa ameketi Zuura.

"Oho," Zuura alisema bila kugeuka. "Bubu amekuja kula nyama."

Wanawake wawili walicheka puani.

"Nipishe, mama mdogo."

"Nikupishe ukae kama gogo? Gogo tunalo jikoni."

"Nipishe."

Sauti yake ilikuwa na kitu, kwa sababu Zuura aligeuka, akamtazama usoni, akasogea. Burul alikaa. Alimwogopa Mungu kweli siku ile, kuliko alivyowahi kumwogopa Talaybek na mkewe. Alifikiri, ikiwa hii ni dhambi, basi nitaifanya mbele yako, unitazame. Kisha nje kaka yake Kubat akaanza kulia kwa mgeni wa kwanza, na Burul akafungua kinywa.

*Ulivuka kwa miguu*
*mlima wenye theluji,*
*mimi mgongoni juu*
*nikikulilia maji.*

Wote walikumbuka majira yale ya homa, Uulkan alipombeba binti yake kuvuka mlima kumtafutia daktari. Aliendelea. Alitaja maziwa ya kurushwa usoni. Alitaja blanketi lililoachwa mlangoni, na mchungaji aliyekimbizwa kwa fimbo, na kweli wanawake walicheka huku wanalia, kama ilivyoagizwa. Alitaja ahadi ya kitandani. Alitaja hema, na kinywa kilichofungwa, na woga. Hakujiachia pa kujificha. Na alipomaliza ya mama yake, koshok haikukoma. Iligeuka yenyewe, ikaelekea juu.

*Bwana, ulikuwa wapi*
*ulimi ulipokwama?*
*Nikuombe neno lipi,*
*niliyemnyima mama?*

Hapo akasita, ameshtushwa na alichosema. Zuura akamsukuma kwa kiwiko.

"Usisimame. Ukianza kumgombeza Mungu, mgombeze umalize."

Akamgombeza akamaliza. Ilichukua muda mrefu. Alimuuliza yote, na la mwisho lililotoka lilikuwa kumwomba, kwa mizani ileile ya kukamulia farasi, asimwache.

Baadaye Zuura alimwekea bakuli la mchuzi magotini. "Mstari wa theluji umeuvuta mno," alisema. "Mama yako angekumwagia ndoo nzima." Akamfuta uso kwa kiganja chake kigumu, kwa nguvu, kama anafuta sufuria.

Asubuhi Burul alitoka kufagia theluji uani. Alikuwa amefika nusu ya njia alipogundua kwamba anaomba. Hakujua ameanza saa ngapi. Maneno yalikuja ya kawaida, ya mtu na mwenyewe. Yule aliyegombezwa jana hakuwa amekwenda popote. Alikumbuka kwamba hata Bwana alisimama kaburini kwa rafiki yake akalia mbele za watu, huku akijua atakachofanya dakika inayofuata. Hatia haikumtoka, la. Mama yake alizikwa bila sauti yake, na hilo halitarudi. Lakini sasa aliweza kuibeba akiwa amesimama.

Habari ilifika mjini kabla yake. Binamu mmoja alirekodi kwa simu. Jumapili Talaybek hakuhubiri. Alimwita Burul mbele, kando ya jiko lilelile.

"Dada, nimeiona," alisema, upole uleule. "Umeanguka. Sote huanguka. Waombe ndugu radhi, tukuombee, tulifunge jambo hili."

Aichurok alikuwa kiti cha mwisho. Alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri kuonyeshwa njia ya kuvuka.

"Kuna jambo nataka kusema kwanza," Burul alisema. "Mlinipigia makofi hapa. Hayakuwa yangu. Sikunyamaza kwa imani. Nilimwahidi mama yangu, kisha nikamnyima kwa sababu niliogopa mtanionaje. Hilo ndilo jaribu, na nilishindwa, na nikawaacha mnisifu wiki sita. Aichurok, hata wewe nilikudanganya. Sikuwa na nguvu yoyote. Koo langu lilipasuka kama lako."

Mke wa Talaybek aliinamisha uso.

"Mimi baba yangu alipokufa nilinyamaza," Talaybek alisema. Sauti ilimkatika katikati. "Ndugu zangu walinipiga nikiwa nimesimama mbele ya maiti yake. Nililala kitandani mwezi mzima. Unaniambia nilinyamaza bure?"

Burul aliliangalia pengo la meno, na moyo ulimuuma kwa ajili yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza yule mtu alikuwa amebana nini chini ya ulimi. Alitamani kumpa jibu la kumtuliza. Alikuwa ameshatoa majibu ya namna hiyo, na alijua yanavyotapikwa.

"Sijui, mchungaji. Lako unalijua wewe na Bwana. Mimi nilipolia nilimwona."

"Kwa hiyo?"

"Makofi nimeyarudisha."

"Na koshok?" aliuliza. "Waombe radhi kwa koshok, dada. Neno moja tu."

Jiko lilitoa moshi. Ajuza wa kitambaa alikohoa. Burul alimtazama Aichurok, kisha akamgeukia mchungaji wake.

"Hapana," alisema. "Kwa koshok siombi radhi."