Safu ya Wazima

...na hapo Makarius, mwenyekiti wa kijiji, analirudia neno lile, kitaalamu, ndugu wananchi, Bwana Afya ametuthibitishia kitaalamu kwamba kuhara damu kunatoka kwa wageni, na mimi, Bwana Afya mwenyewe, niliyekaa benchi moja naye naangalia viatu vyangu, maana tangu Esteri, mama mwenyeji, aliponong'ona hapo nyuma sina pa kutazama, wanangu wawili bado wanahara, alimwambia jirani yake, wala hakujali kama nasikia, Bwana Afya alipokuja tulimwambia amahoro, kwani alishuka hata kwenye baiskeli?... sikushuka, kweli sikushuka, mguu mmoja chini mwingine kwenye pedeli, kuna mgonjwa humu?, amahoro, amani tupu, haya, naandika safu ya wazima, nyumba inayofuata, na mimi ni Muha, mzaliwa wa kijiji cha Titye, najua kwetu mtu hapewi habari ya ugonjwa akiwa mlangoni, anapewa amani kwanza, akae, ale, anawe, ndipo aambiwe, mama yangu mwenyewe alinipokea hivyo, amahoro mwanangu, nikala ugali na maharage nikashiba, ndipo akasema dada yako Rosa tulimzika juzi... nilijua, nilijua tangu siku hiyo, ila jua lilikuwa kali na nyumba zilikuwa nyingi, na wageni, wale waliokimbia mauaji kule Burundi, wao wamepanga foleni za dawa mpaka wamezoea, ukiuliza wanajibu, Pelagia, mmoja wao, alinitolea mtoto nje, huyu hapa, bwana, anahara damu tangu juzi, asante kwa kutuuliza... asante, aliniambia asante, nami nikamtia kwenye kisanduku chake, wageni huku, wenyeji kule, wagonjwa juu, wazima chini, visanduku vinne, nikatafuta idadi ambayo ingetokea kama ugeni na kuhara havihusiani, nikatoa, nikazidisha tofauti kwa yenyewe, nikagawa, nikajumlisha, kai mraba, kile kipimo cha uhusiano, ikapita kumi na moja wakati ukomo hata nne haufiki, nikapiga meza kwa furaha, mwalimu wangu wa takwimu angenipa mkono, hii si bahati nasibu, kijana, uhusiano upo... na upo, aibu yenyewe ndiyo hiyo, hesabu haikukosea hata kidogo, ilipima nani husema na nani husitiri, mimi ndiye niliyeiita kuhara... kwa hiyo kuanzia kesho, anasema Makarius, wageni wetu hawatateka tena maji kwenye chemchemi ya juu, watateka bondeni, watu wanapiga makofi, bondeni wanakonywea ng'ombe, Mungu wangu, sasa ndipo wataugua kweli, na nikirudi mwakani na visanduku vyangu hesabu itatoka nzuri zaidi... Bwana Afya, jewe, mimi hapa, nilisema ukweli, anasema Pelagia, amekaa chini pale mbele, debe katikati ya magoti, si umeniuliza nikakwambia?, na Makarius anamkata, mama, subiri zamu yako, mtu aliyesema kweli ndiye ninayemnywesha maji ya ng'ombe... inuka basi, sema nilikosea, sema naomba nirudie nyumba zote, safari hii nikae kwenye kila kigoda, ninywe kila kikombe cha uji, nisubiri mpaka waniambie wenyewe, ni maneno machache tu, lakini hawa ndio niliowachorea jedwali kwa chaki ukutani, wakacheka kwa fahari, huyu ni wetu, amesoma huyu, nami nikaipenda sauti ile, hata sasa naipenda, naona haya kusema jinsi ninavyoipenda... mkono wa Makarius uko begani kwangu, simama, Bwana Afya, waeleze mwenyewe ile hesabu, kisha anainama, sauti chini, mbona jasho linakutoka hivi, unaumwa?, na Esteri ananyoosha shingo kule nyuma, Pelagia amenikazia macho, nimefungua mdomo niseme, na jibu linatoka kabla sijaliita, haraka, kwa adabu yote niliyolelewa nayo, hapana, Mwenyekiti, ni amahoro.