Suruali ya Dosolina

Majira yale ya baridi, sketi ndiyo iliyomuua Ortensia, si risasi za adui, Waustria waliokuwa ng'ambo ya mlima. Wanawake wa kijiji walikuwa wakiwapandishia askari wa kwao mlimani risasi na mikate, kila mmoja na kapu lake mgongoni. Theluji ililowesha sufu ya sketi, baridi ikaigandisha, na pindo likawa gumu kama ubao. Ortensia alilikanyaga ukingoni mwa genge. Hata kupiga kelele hakuwahi.

Dosolina alikuwa nyuma yake, akaona yote. Kesho yake alifungua kasha, akatoa suruali ya mumewe aliyekuwa vitani, akaikunja miguuni na kuikaza kiunoni kwa kamba.

Wenzake walimcheka njia nzima.

"Bwana Dosolina, ndevu umeziacha wapi?"

"Nimemwazima mama mkwe wako. Zimempendeza."

Lakini walimwona anavyopanda. Kufikia Jumapili, wawili wengine walikuwa wamevaa suruali.

Jumapili hiyo Nives, mdogo wake, alikuwa anambatizisha mwanawe wa kwanza, na Dosolina ndiye aliyekuwa amsimamie kama mama wa ubatizo. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Mtoto huyu alimngoja kama wa tumbo lake. Alikwenda kanisani amevaa sketi yake nzuri, akampokea mtoto, akasogea penye maji.

Padri Osvaldo akafunga kitabu.

"Kwanza geuka uwaombe radhi watu hawa. Huko mlimani umevaa nguo za kiume, na umewafundisha wenzako. La sivyo, mtoto atashikwa na mwingine."

"Dada, sema tu," Nives alinong'ona. "Neno moja. Tukifika nyumbani tutalicheka."

Dosolina aligeuka. Aliwaona wale wawili waliomwiga kuvaa suruali, wamekaa pamoja, wameinamisha vichwa. Walikuwa wanamsubiri. Akiomba radhi, kesho watapanda na sketi. Mtoto alikuwa amemshika kidole na hataki kukiachia.

Alikitoa kidole polepole. Akambusu mtoto kwenye paji la uso, akamweka mikononi mwa binamu yao Irma, aliyekuwa ameshaanza kulia.

"Mshike vizuri shingo," alimwambia.

Kisha akamtazama padri.

"Mkate wanaokula askari umepandishwa na suruali ile, Padri, na kesho napanda nayo tena. Radhi siombi."